Mtoto wako yu salama njiani kwenda uwanja wa ndege?

MSOMAJI mpenzi, kama umewahi kumsindikiza jamaa hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, basi shughuli hiyo waijua. Masanduku yamefungwa tangu asubuhi, lakini bado kuna mtu anayeitafuta pasipoti chini ya mto. Unga wa ugali na majani ya chai vimepimwa mara tatu kwa mizani ya kuazima, visije vikazidisha kilo. Shangazi ameleta nduma zilizochemshwa. Majirani wameingia kuaga na sala imesomwa. Kisha watu saba wanajipanga kuingia katika gari la watu watano, naye mtoto mchanga anapokezanwa kutoka mkono hadi mkono, mpaka atue kwenye mapaja ya nyanya yake. Milango inafungwa na safari inaanza.

Leo nataka tuisafiri njia hiyo pamoja, mimi na wewe, kutoka Kangemi hadi Embakasi, kama wazee wengi wanavyouita uwanja huo hadi leo. Ulifunguliwa mwaka wa 1958, na tangu siku hiyo familia zimekuwa zikienda huko zikiwa zimejaa furaha ya kupokea au simanzi ya kuaga. Tutatazama mandhari, kwani njia yenyewe imebadilika mno. Lakini zaidi ya mandhari, naomba tumtazame yule abiria mdogo aliye mapajani. Kwa maoni yangu, yeye ndiye aliye hatarini kuliko sisi sote, na ndiye pekee asiyeulizwa anakaa wapi.

KOVU

Kisa changu kinaanza mwaka wa 1995. Mjomba wangu alikuwa akirejea kutoka ng'ambo baada ya miaka sita ya masomo, nasi tuliazima gari dogo la rafiki ili tukampokee kwa heshima. Rafiki huyo ndiye aliyeendesha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa msafara, niliketi mbele. Binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka miwili, nilimpakata. Nilimwonyesha magari makubwa na matangazo ya kando ya barabara, na kila alipoona lori alipiga makofi. Mkanda wa usalama ulikuwapo, lakini hakuna aliyeugusa. Siku hizo kufunga mkanda mbele ya dereva kulikuwa kama kumwambia kwamba hajui kuendesha.

Katika Barabara ya Mombasa, mtu mmoja aliyekuwa akivuta mkokoteni uliojaa mitungi ya maji aliingia barabarani kabla hatujapita. Dereva alikanyaga breki. Hatukumgonga mtu wala hatukugongwa. Gari lilisimama tu. Lakini mtoto hakuwa tena mikononi mwangu. Alikuwa chini, miguuni pangu, na damu ilikuwa imetapakaa kwenye dashibodi.

Mjomba alitungoja uwanjani hadi usiku. Sisi tulikuwa hospitalini, ambako daktari alimshona binti yangu nyuzi nne juu ya jicho la kushoto. Kila aliyekuja kutupa pole alisema ni bahati, nami nilikubali. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini mikono yangu, ambayo wakati huo ingeweza kubeba gunia la saruji, ilishindwa kumshika mtoto wa kilo kumi na mbili.

KITI KUTOKA NG'AMBO

Binti huyo sasa ni mama. Anaishi Leicester, Uingereza, na Agosti 2024 alikuja kutuonyesha mjukuu wetu, mvulana wa miezi kumi na mmoja. Nilikwenda kuwapokea kwa gari langu. Alitokea akisukuma toroli yenye masanduku mawili, mtoto kifuani, na juu ya masanduku kitu kikubwa kilichofungwa kwa karatasi ya plastiki. Kilikuwa kiti cha mtoto cha gari.

Nakiri kwamba nilicheka. Nilimwambia, "Mwanangu, hapa si Ulaya. Mpe mama yako mtoto twende zetu."

Alinijibu kwa adabu, "Baba, naomba dakika kumi."

Zilikuwa ishirini. Tatizo halikuwa kiti chake bali gari langu. Kama wenye magari wengi wa Nairobi, nilikuwa nimevalisha viti vyote vitambaa vya kupendeza, na fundi alikuwa amevishona juu ya vifungio vya mikanda ya nyuma. Mikanda yenyewe ilining'inia pembeni, lakini mahali pa kuifungia palikuwa pamezikwa. Kwa miaka minne nilikuwa nimebeba abiria nyuma ambao hawangeweza kufunga mkanda hata kama wangetaka. Ilinibidi nikate uzi wa fundi kwa ufunguo wa gari, huku dereva aliyekuwa akingojea nafasi yangu ya kuegesha akipiga honi bila huruma.

Njiani binti yangu alinieleza kwamba nchini Uingereza sheria inataka mtoto atumie kiti chake mpaka afikishe umri wa miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Alisema kwamba kabla hajatoka hospitalini na mtoto mchanga, wauguzi walimwuliza kama ana kiti cha gari. Kisha akasema jambo lililoninyamazisha: "Lakini Baba, mimi sikuhitaji kuambiwa na Waingereza. Kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo, nalikumbuka lile gari."

GUNIA NA NUSU

Tuifanye hesabu, wewe na mimi, maana hesabu hii haibagui Ulaya wala Afrika. Gari linapokwenda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu, vilivyomo ndani haviambiwi visimame. Vinaendelea na safari mpaka vizuiwe.

Mchukue mtoto wa kilo 10. Gari likisimama kutoka mwendo huo katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono yako italazimika kumzuia kwa nguvu ya kuinua kilo 140 hivi. Hilo ni gunia na nusu la mahindi, yale magunia ya kilo 90 tuyajuayo. Mwendo ukiwa kilomita 80, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa kwenye Nairobi Expressway, mzigo unafika magunia mawili na nusu. Nawe huna muda wa kujiandaa. Mtu hurushiwa gunia asilolitarajia, akiwa ameketi na pengine akisinzia.

Au ulitazame jambo hili kwa njia nyingine. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 ni kama mita 25. Hakuna mzazi ambaye angeketi na mtoto kwenye ukingo wa roshani ya ghorofa ya nane akisema, "Nimemshika."

Kuna ambao hudhani wamepata ufumbuzi kwa kufunga mkanda mmoja juu yao na mtoto kwa pamoja. Tafadhali, msomaji, usifanye hivyo kamwe. Ajali ikitokea, uzito wako wote unamsukuma mtoto juu ya mkanda ule, naye anabanwa kati yako na mkanda. Vilevile usimweke mtoto kwenye kiti cha mbele. Mapajani mwa abiria wa mbele, mtoto ndiye hukaribiana zaidi na dashibodi na kioo. Isitoshe, magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa unaofutuka kwa kishindo kutoka kwenye dashibodi, na mfuko huo uliundwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima.

KUTAZAMA NYUMA

Jambo lililomshangaza zaidi mke wangu ni kwamba kiti cha mjukuu wetu kiliwekwa kikitazama nyuma ya gari. "Mbona mnamnyima mtoto kuona njia?" aliuliza.

Sababu iko shingoni. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Akitazama mbele na gari likisimama ghafla, mabega hushikwa na mikanda lakini kichwa huenda mbele kwa nguvu, na shingo ndiyo inayolipa. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vyote huegemea kiti kwa pamoja, na nguvu hutawanyika.

Wazo hili lilitoka Sweden. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Bertil Aldman alitazama jinsi wanaanga wa Marekani wa mpango wa Gemini walivyolazwa chali wakati roketi inaporuka, ili nguvu zile zipokewe na mgongo. Mwaka wa 1964 alijaribu kiti cha mtoto cha namna hiyo. Miaka mitano kabla yake, yaani 1959, mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alikuwa amebuni ule mkanda wa kupita begani na nyongani ambao sasa umo katika kila gari. Kanuni za Umoja wa Mataifa za viti vipya vya aina ya R129 zinataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani, tangu 2018, hushauri aendelee kutazama nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti chake kinavyoruhusu kwa uzito na urefu.

Je, viti hivi husaidia kweli? Wataalamu wa usalama wa barabarani wa Marekani hukadiria kwamba kiti kilichotumiwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo katika gari dogo kwa asilimia 71 kwa watoto wasiofikisha mwaka mmoja, na asilimia 54 kwa wale wa mwaka mmoja hadi minne.

Onyo moja: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Mahali pake ni nyuma.

USIKU WA KUAGA

Siku zilipita kama upepo, na usiku wa kurudi Leicester ukafika. Ndege ilikuwa ya saa sita kasoro. Nje kulikuwa na baridi ile ya Agosti inayopenya mpaka kwenye mifupa. Mke wangu alikuwa amemvika mjukuu koti nene alilolinunua yeye mwenyewe, akaingia nyuma ya gari naye na kumkumbatia.

Binti yangu alisimama mlangoni. "Mama, tafadhali. Kiti chake."

Mke wangu hakuinua macho. "Nimempakata siku kumi na tisa tu," alisema. "Hata hii ya mwisho mnaninyima?"

Nakuuliza wewe msomaji, ungesema nini? Sisi tumelelewa tukijua kwamba mtoto hubebwa. Hufungwa mgongoni kwa leso, hupakatwa kanisani, hupakatwa kwenye matatu ili asilipiwe nauli. Kumweka mjukuu ndani ya kitu cha plastiki wakati nyanya yupo ni kama kumwambia nyanya kwamba mikono yake haifai. Ndiyo maana mabishano haya, yanayotokea katika familia nyingi usiku wa safari, huwa si juu ya kiti hata kidogo.

Mimi ndiye niliyejibu. Nilimwambia mke wangu, "Mama watoto, mikono yako haishindi yangu ya mwaka ule." Aliyainua macho, akamtazama binti yetu usoni, juu ya jicho la kushoto. Kisha alimtoa mtoto taratibu.

Binti yangu alimvua lile koti nene. Mke wangu alitaka kupinga tena, lakini akaelezwa. Koti nene huacha nafasi kati ya mikanda na mwili. Wakati wa ajali koti hubanwa likawa si kitu, na mikanda ikabaki imelegea, hata mtoto akaweza kuchomoka. Mtoto hufungwa akiwa na nguo nyepesi, mikanda ikakazwa mpaka usiweze kuifinya ikakunjika kwa vidole viwili begani, kisha blanketi au shali ikawekwa juu. Shali ya nyanya ndiyo iliyowekwa. Naye nyanya akaketi karibu na kiti, akafunga mkanda wake, na akaushika mguu wa mjukuu ndani ya shali.

Masanduku yote yalikwenda kwenye buti, hata lile dogo. Sanduku lililowekwa kitini kando ya mtoto hugeuka kombora gari linapogonga. Na tulitoka nyumbani dakika arobaini kabla ya saa tuliyopanga, kwa sababu nitakayokueleza.

JUU YA JIJI

Tuliingia kwenye Expressway upande wa Westlands. Barabara hii ya kilomita 27, inayotoka Westlands hadi Mlolongo, ilianza kutumiwa na umma Mei 2022. Kwa aliyezoea msongamano wa Uhuru Highway, kupita hapo juu usiku ni starehe. Museum Hill inapita, unaona taa za Chuo Kikuu cha Nairobi, Uhuru Park iko chini yako, kisha Uwanja wa Michezo wa Nyayo. Mwaka wa 1995 safari hiyo ilituchukua muda wa saa moja na nusu. Sasa ni dakika chache.

Lakini wepesi huo una hadaa yake. Watu wakiona barabara haina mashimo, haina bodaboda, wala haina mtu wa mkokoteni, hujiona wamekwisha kufika. Tulipitwa na gari kubwa lililofunguliwa kidirisha cha paa, na vichwa viwili vya watoto vilikuwa vimechomoza juu, wakipunga mikono kwa furaha. Wazazi walikuwa ndani wakicheka. Binti yangu alifunga macho.

Baada ya Bellevue, upande wa kulia, nyuma ya majengo, ipo Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946. Mchana ukiwa na bahati utaona twiga wakitembea huku ndege zikishuka. Usiku ni giza tupu, na juu yake taa za ndege zinazoingia moja baada ya nyingine. Mke wangu alimwambia mjukuu, ambaye alikuwa amelala, "Hizo ndizo zitakazokupeleka."

Ni hapo tulipokaribia foleni ya kulipia, gari la mbele liliposimama ghafla, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Hatukugonga. Chupa ya maji iliviringika kutoka chini ya kiti hadi miguuni pangu. Mkono wa kulia wa mke wangu, ule uliokuwa umeushika mguu wa mtoto, ulikuwa umeruka wenyewe kwenda mbele, kama mikono ya akina mama inavyofanya, ukapiga mgongo wa kiti changu. Kifundo chake kiliuma siku tatu. Mtoto alitikisika kidogo ndani ya kiti chake, akavuta pumzi, akaendelea kulala.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika kwenye lango la uwanja.

Langoni abiria waliamriwa kushuka na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu, huku madereva wakipitisha magari. Tulipokutana tena upande wa pili, mtoto alikuwa ameamka. Alipoona kiti alianza kulia kwa sauti ya kuwaamsha wafu. Zilikuwa zimebaki mita mia chache tu kufika kwenye jengo la abiria. Nilimwona mke wangu akiyumba, nami niliyumba pia. Lakini wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyanya mwenyewe ndiye aliyemfunga, akimwimbia, naye alilia mpaka tuliposimama.

Dakika zile arobaini zilikuwa kwa ajili ya hilo. Tuliegesha gari, na kwa muda mzuri nyanya alimbeba mjukuu wake huku na huko nje ya jengo, akimwonyesha taa, akimlisha kipande cha nduma. Alimpakata alivyotaka, bila mtu kumharakisha, mahali ambapo hapakuwa na gari linalokwenda.

UKIWA HUNA KITI

Najua unalowaza. Wengi wetu hatuna jamaa wa kuleta kiti kutoka Leicester, na wengine hatuna gari lenyewe. Acha nikushauri kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja.

Ukiweza kununua, si lazima kiwe cha bei ya juu, bali kiwe cha uzito na kimo cha mtoto wako, na kinachoingia vizuri katika gari lako. Tazama kibandiko: viti vilivyopasishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina herufi E ndani ya duara, pamoja na namba. Soko la mitumba lina viti vingi, lakini usinunue kwa sababu ya rangi. Kigeuze utafute tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi huwa imechapwa kwenye plastiki. Kiacha ikiwa kina ufa, mikanda imechanika, au muuzaji hawezi kukuambia kimetoka wapi. Kiti kilichowahi kuwa katika ajali kubwa hakifai tena, hata kikionekana kizima.

Nyumbani kwetu, mtoto akizaliwa, marafiki na jamaa huleta zawadi. Kuna watoto waliopata shali kumi na mbili. Mbona wanane kati yao wasichange wakanunua kiti kimoja? Na mtoto akikipita kimo, kimwendee binamu yake mdogo, maadamu mnaijua historia yake.

Ukiita teksi, uliza mapema, si wakati gari limefika: je, mikanda ya nyuma inafanya kazi, na vifungio vyake vinafikika? Mwambie dereva utahitaji dakika kumi za kufunga kiti, na ufunge kiti kwanza kabla ya kupakia mizigo. Kikifungwa, kishike karibu na mahali mkanda unapopita, ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, ambako viti vya watoto walio chini ya miaka sita vimekuwa lazima kisheria tangu Aprili 2000, yana vishikio vidogo vya chuma kati ya kiti na egemeo, vya kushikia viti vya aina ya ISOFIX. Ingiza vidole uvitafute. Huenda umekuwa ukiviketia miaka yote.

Mtoto mkubwa kidogo, aliyekipita kiti chenye mikanda yake, anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae sawasawa: chini upite juu ya mapaja na nyonga, si tumboni, juu upite katikati ya bega na kifua, si shingoni. Wengi hawatoshei mkanda wa watu wazima mpaka wafikie karibu sentimita 145.

Na kama huna kiti kabisa, na safari haiepukiki? Basi mtoto aketi nyuma, mwenye uwezo wa kuketi peke yake awe na mkanda wake mwenyewe, na watoto wawili wasifungwe kwa mkanda mmoja. Mwambie dereva apunguze mwendo, nawe umpe sababu ya kutokimbia kwa kutoka nyumbani mapema. Gari likiwa la watu watano, waende watano. Wengine waage nyumbani. Kwa mtoto mchanga hakuna njia nzuri ya kumbeba garini bila kiti. Azima kwa jirani, azima kwa mwumini mwenzako, lakini usijidanganye kwamba mapaja yanatosha.

Tusiseme pia kwamba Wakenya hawabadiliki. Kabla ya Februari 2004, nani angeamini kwamba abiria wa matatu wangefunga mikanda? Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, mabibi na mabwana walijifunza katika muda wa wiki chache.

WALIPOONDOKA

Ukipanda ndege utaona jambo moja. Kabla haijaondoka, wahudumu hupita safu kwa safu wakitazama kila mkanda, na mama mwenye mtoto mchanga hupewa mkanda mdogo wa kuunganisha na wake. Mamia ya watu wazima hukaguliwa kama watoto wa shule, wala hakuna anayenuna. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani husema kwamba hata humo, mahali palipo salama zaidi kwa mtoto mdogo ni kwenye kiti chake kilichoidhinishwa, si mapajani. Kwa hiyo ukinunua kiti, tazama kama kibandiko chake kinasema kinafaa kwa ndege, na uiulize kampuni ya ndege mapema itakichukuaje.

Lakini kwenye barabara ya kwenda uwanjani hapo, hakuna mhudumu anayepita. Dereva ana haraka, nyanya ana simanzi, na baba anafikiria saa ya ndege.

Binti yangu alitukumbatia, akamchukua mtoto, akasukuma toroli yake na kile kiti juu ya masanduku, akaingia. Tulisimama mpaka tusiwaone. Tuliporudi kwenye gari nilimfungulia mke wangu mlango wa mbele, lakini alikwenda nyuma, akaketi palepale alipokuwa ameketi, karibu na nafasi iliyokuwa wazi. Alifunga mkanda bila kuambiwa.

Tulikuwa tumefika karibu na Nyayo aliposema, "Wakirudi tuwe na chetu."

Vitambaa vile vya viti sijavirudisha kwa fundi. Nawe msomaji, leo ni Jumapili, na pengine utawapeleka watoto mahali. Kabla hamjaondoka, ingiza mkono kati ya kiti cha nyuma na egemeo lake, uvitafute vifungio vya mikanda. Usipovipata, hapo ndipo pa kuanzia.